Kuifuata Bei ya Kamba: Siku Nane kutoka Maine hadi Newfoundland

Jumamosi, 7 Juni 2025. Portland, Maine

Idd ilikuwa jana. Tulipomaliza pilau kwa jamaa wa Lewiston nilimpigia baba simu Kizingitini, Lamu, nimpe mkono wa Idd, naye hata hajamaliza kuwaulizia wajukuu akaniuliza, "Huko kwenu kamba wauzwa ngapi sasa?"

Baba alizamia kamba mawe karibu miaka arubaini. Ndio wale ambao watu wa Tanga na Dar es Salaam huwaita kamba koche. Alizamia kwa pumzi zake, bila mtungi, mkononi ana mti uliofungwa pweza nchani. Kamba akimwona pweza mlangoni mwa pango lake hutoka mbio, na akitoka mkono wa mzamiaji uko tayari. Sasa magoti yamemkataa baba, na anayezamia ni mdogo wangu. Wote wawili hawajawahi kuteremka majini wakijua kamba wao watanunuliwa kwa bei gani. Bei huijua tajiri, huitoa kamba wakiwa tayari juu ya mizani, na tajiri huyo ndiye aliyewakopesha mashine ya boti na miwani ya kuzamia. Utampelekea nani mwingine?

Miaka tisa nimeishi Maine, jimbo linalovua kamba wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na miaka tisa nimemjibu baba kwa kubahatisha. Safari hii nimeomba likizo ya wiki mbili, nimetia mafuta, na nimemwahidi: nitaifuata bei kwa barabara mpaka mwisho wa barabara, na kila usiku nitamtumia ujumbe wa sauti.

Nimeanzia gatini Portland. Kwenye duka la samaki kuna mabirika ya maji baridi, kamba wamepangana humo wamefungwa mipira kwenye magando. Kamba wa huku ana magando mawili makubwa, na humo ndimo wateja wanamopenda. Wetu hana gando. Nyama yake yote iko mkiani. Muuzaji alinifundisha kubonyeza ubavu. Akiwa mgumu, ni gamba la zamani, amejaa nyama, bei yake juu. Akibonyea, amejivua gamba karibuni, ndani ana maji mengi kuliko nyama, hafai kusafirishwa mbali, na bei yake iko chini. Kamba yule yule, bahari ile ile, wiki chache zikipita bei yake ni nyingine.

Jioni nilikaa na takwimu za idara ya bahari ya jimbo nikaziandika kwenye daftari. Huku hupima kwa ratili, kama bibi alivyokuwa akipima samli. Ratili moja ni gramu 454. Mwaka 2012 mvuvi wa Maine alilipwa wastani wa dola 2.69 kwa ratili. Mwaka 2021 alilipwa dola 6.71, na jimbo zima likavuka dola milioni 700, kiasi ambacho halikuwahi kukifikia. Mwaka uliofuata, 2022, bei iliporomoka hadi dola 3.97 na mapato yakashuka chini ya milioni 400. Mwaka 2024 ikapanda tena hadi dola 6.14.

Nilimsomea baba hizo namba moja moja. Akajibu: "Kati ya mwaka huo na mwaka huo, mashine zao zilianza kula mafuta nusu?"

Jumapili, 8 Juni. Stonington

Saa tatu za barabara, misonobari huku na huku, kisha daraja refu jembamba linalokuingiza kisiwa cha Deer Isle. Stonington iko ncha ya kusini ya kisiwa. Ni bandari inayoongoza kwa thamani ya kamba katika jimbo zima, na ukiingia unatarajia kelele. Leo palikuwa kimya. Maboti yote yametulia kwenye maboya yao, mamia ya maboti. Nilidhani pamefiwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akipaka rangi maboya mbele ya banda lake alinieleza. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, sheria ya jimbo inakataza kupandisha madema kuanzia Jumamosi alasiri hadi Jumatatu alfajiri. Kila mvuvi ana rangi zake za boya na huzionyesha kwenye boti yake. Lake ni chungwa na mstari mweusi, rangi za baba yake. Leseni moja haizidi madema 800. Kupiga mbizi kumkamata kamba ni marufuku, ni dema tu.

Nilipomwambia kwamba baba yangu huwakamata kwa mkono, akaacha brashi. "Kwa mkono? Anajuaje ukubwa?"

Akanionyesha kipimo chake cha shaba. Unakiweka kwenye tundu la jicho, unapima hadi mwisho wa gamba la mgongo. Akipungua inchi 3 na robo, anarudi majini. Akizidi inchi 5, anarudi pia, kwa kuwa huyo ndiye mzazi. Jike mwenye mayai hutiwa mkato wenye umbo la V mkiani na kuachiwa. Siku atakayonaswa tena, hata kama hana yai moja, mkato ule humwokoa. Mzee alisema amewahi kumwachia jike mmoja mwenye mikato miwili, kuonyesha kwamba wavuvi wawili kabla yake walimsamehe.

Hilo liliniingia. Wenyewe wamejiwekea ulinzi mzito wa mbegu, na bado idadi inashuka. Mwaka 2016 jimbo lilitoa ratili zaidi ya milioni 130. Mwaka 2024, karibu milioni 86. Ghuba ya Maine ni kati ya sehemu za bahari zinazopata joto kwa kasi kubwa zaidi duniani, na kamba hupenda baridi. Kwa hiyo ile dola 6.14 ya mwaka jana isimpumbaze mtu. Bei imepanda, lakini vitu vya kuuza vimepungua kwa theluthi.

Jumatatu, 9 Juni. Stonington, kisha Calais

Saa kumi alfajiri injini ziliwaka zote kwa pamoja, na kitanda changu kikatetemeka.

Nilikaa gatini kwa ushirika wa wavuvi tangu saa sita mchana kuyangoja maboti. Ushirika ni wa wavuvi wenyewe. Unawauzia chambo na mafuta, unanunua kamba wao, na faida ikibaki mwisho wa mwaka wanagawana. Makreti yalipandishwa kwa winchi, yakapimwa, kijana akaandika, akampa mvuvi karatasi. Nikaomba kuiona. Uzito ulikuwapo. Mahali pa bei palikuwa patupu.

"Bei?" nikauliza.

"Itatoka," akasema, kisha akacheka kwa jinsi nilivyomkodolea macho. "Tutaambiwa."

Nilikuwa nimesafiri nikiamini kwamba huku, kwenye mizani ya umeme na takwimu za serikali, mvuvi hutaja bei yake. Sivyo. Naye hushusha mzigo kwanza, bei huja baadaye. Tofauti yake na mdogo wangu ni nyingine: huyu akipunjwa na mnunuzi wa nje, anapunjwa na wenzake wote pamoja, na vitabu vya hesabu viko wazi, na mwisho wa mwaka kuna kinachorudi. Mdogo wangu hupunjwa peke yake, jioni, mtu akiwa anamdai.

Walinieleza pia kilichowaumiza zaidi ya bei: chambo. Heringi, samaki wanaowatia kwenye madema, walipunguziwa kiwango cha kuvuliwa sana mwaka 2019 kwa sababu wamepungua mno, na tangu hapo chambo ni gharama inayoweza kuila faida ya siku nzima. Takwimu za thamani hazisemi hayo, zinaishia gatini.

Mwaka 2012 ndio wanaoukumbuka kama tunavyokumbuka mwaka wa njaa. Maji yalipata joto mapema, kamba wakajivua gamba wiki kadhaa kabla ya wakati wao, wakajaa madema mwezi ambao Wakanada nao walikuwa bado hawajamaliza kuwasindika wa kwao. Neema ya bahari ikashusha bei. Wapo waliofunga maboti kwa hiari badala ya kuuza kwa hasara.

Jioni nimefika Calais, mpakani. Ng'ambo ya mto ni Kanada.

Jumanne, 10 Juni. Shediac, New Brunswick

Forodha walinipitisha kwa dakika kumi. Nikaingia kwenye nchi ya kilomita na kilo, ingawa kamba bado wanapimwa kwa ratili.

Shediac ina sanamu ya kamba wa saruji na chuma mwenye urefu wa karibu mita 11, na watoto humpanda mgongoni. Nilipiga picha moja ya kumtumia binti yangu, nikaondoka. Nilichokitaka kilikuwa nyuma ya mji, kwenye viwanda vya kusindika. Sehemu kubwa ya kamba wa Maine waliojivua gamba, wale wasiofaa safari ndefu, huvushwa mpaka na kuja kupikwa na kugandishwa mkoa huu, kisha hurudi Marekani wakiwa mikia na nyama kwenye mifuko. Agosti 2012, bei ilipozama, wavuvi wa hapa walizingira viwanda kuzuia malori ya kamba wa Maine wasiingie. Jana wale wa Stonington walikuwa wanyonge waliouza kwa bei ya kutupa. Leo nikawasikia wakitajwa kama watu walioivunja bei ya wenzao.

Kwenye maegesho ya duka la vyakula nilisikia Kiswahili cha Kongo. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa kwenye simu. Nilingoja amalize, nikamwamkia. Huku kusini mashariki mwa mkoa watu wengi husema Kifaransa, ndiyo sababu Wakongo wamekuja kwa wingi, hasa Moncton. Yeye hufanya kazi kiwandani, kwenye mstari wa kutoa nyama kwenye magando. Alinionyesha vidole vyake, ngozi imekuwa nyeupe kwa maji.

"Ndugu yangu, kule watu wanasema bei imepanda, bei imeshuka. Sisi mushahara ni ile ile. Bei ikishuka sana ndio tunajua, juu ya kazi inakuwa siku tatu kwa juma."

Nilimuuliza kama yeye hula kamba. Akasema amemaliza miaka minne akimshika na hajawahi kumnunua. Humnunulia watoto makayabo, samaki wa chumvi, duka la Waafrika Moncton.

Baba aliposikia sauti yangu usiku huu hakuniuliza kuhusu bei. Aliuliza tu yule mama amefika huko peke yake au na watu wake. Sikuwa nimemuuliza, na nimelala na aibu hiyo.

Jumatano, 11 Juni. Membertou na North Sydney, Nova Scotia

Siku ya barabara, ndefu, na malori ya baridi yakinipita kuelekea uwanja wa ndege wa Halifax. Kutoka pale kamba hai hupakiwa kwenye ndege za mizigo kwenda China na Korea. Huko China humwita "kamba wa Boston", popote alikovuliwa. China ndiyo iliyoipandisha bei ya kamba wetu wa Lamu pia, kwa hiyo niliyatazama yale malori kama mtu anayeona jamaa aliyemsikia kwa jina tu.

Ushuru ndio uliokuwa kinywani mwa kila mtu niliyezungumza naye kwenye vituo vya mafuta. Julai 2018 China iliwatoza Wamarekani ushuru wa asilimia 25 juu ya kamba hai, na wanunuzi wakahamia kwa Wakanada. Mwaka ule Nova Scotia ilinenepa. Tarehe 20 Machi 2025, zamu iligeuka. China iliwatoza Wakanada asilimia 25 ile ile, juu ya kamba na kaa, kwa ugomvi ulioanzia kwenye magari ya umeme, chuma na alumini. Hakuna mvuvi hata mmoja anayeunda gari.

Jioni nilisimama Membertou, jamii ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa huku, iliyo ndani ya mji wa Sydney. Donald Marshall alikuwa mtu wa hapa. Mwaka 1993 alikamatwa kwa kuvua na kuuza mikunga bila leseni, na tarehe 17 Septemba 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba mkataba ambao babu zake waliutia saini karne ya 18 unawapa haki ya kuvua na kuuza kwa ajili ya riziki ya kadiri. Kesi ya mikunga ikafungua mlango wa kamba. Mlango wenyewe ulikuwa na miiba. Mwaka 2020, kusini magharibi mwa Nova Scotia, madema ya Wami'kmaq yalikatwa na jengo la kuhifadhia kamba likachomwa moto. Lakini Januari 2021, muungano wa jamii zao ukiongozwa na chifu wa Membertou, Terry Paul, pamoja na kampuni moja ya chakula, walinunua Clearwater, kampuni kubwa ya kamba, kaa na kome wa Kanada, kwa dola bilioni moja za huko.

Nimekaa garini nikifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Wakati wote nimekuwa nikihesabu bei ya ratili. Hawa walihesabu bei ya duka lenyewe.

Feri ya kisiwa cha Newfoundland inaondoka usiku. Nimeshapanga foleni.

Alhamisi, 12 Juni. Port aux Basques hadi Gander

Saa saba za bahari. Nililala sakafuni kama tulivyokuwa tukilala kwenye mashua ya Mokowe nilipokuwa mtoto. Port aux Basques tulifika asubuhi, miamba mitupu na ukungu. Pale ufukweni bado unaona misingi ya nyumba zilizozolewa na tufani Fiona, Septemba 2022. Kisha kilomita nyingi za misitu na madimbwi, na alama za kuonya juu ya wanyama wakubwa wa porini wanaovuka barabara.

Usiku, hapa Gander, baba alinikumbusha mwaka 2020. Januari ile tajiri alizima simu. Kamba walikuwa kwenye tenga ndani ya maji, hai, na hakuna aliyewataka, kwa sababu masoko ya China yalifungwa na ugonjwa. Baba alidhani ni tajiri wake tu. Nikamweleza kwamba wiki zile zile, New Zealand, serikali iliwaruhusu wavuvi kuwarudisha baharini kamba waliokwisha kamatwa.

Na Australia Magharibi, ambako kamba ni ndugu wa damu wa kamba wetu, asiye na magando, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wao walikuwa mfano wa dunia. Mwaka 2000 ndio walikuwa uvuvi wa kwanza kabisa kupewa cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu cha MSC. Zaidi ya asilimia 90 ya kamba wao walikwenda China. Mwishoni mwa 2020, serikali za Australia na China zikagombana, mpaka ukafungwa kwa kamba wao, na bei gatini ikaporomoka chini ya nusu ya ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka ule. Cheti hakikuzuia hata senti moja isianguke. Mlango ulifunguliwa tena Desemba 2024, baada ya miaka minne.

Baba alinyamaza kwenye simu. Kisha: "Basi siku ile simu ilizimwa ya dunia nzima."

Ijumaa, 13 Juni. St. John's

Nilifika kwa wakati wa sala ya Ijumaa. Baada ya sala, ndugu mmoja anayefundisha chuo kikuu alinipeleka hadi jengo la serikali ya mkoa, juu ya kilima, akanionyesha ngazi ambazo Machi 2024 zilijaa wavuvi waliovaa mavazi ya mvua. Walizuia wabunge wasiingie, na hotuba ya bajeti ikasogezwa hadi kesho yake.

Newfoundland iliishi kwa chewa tangu karne ya 16. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada iliufunga uvuvi ule kwa sababu samaki walikuwa wameisha, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi siku moja. Kilichowaokoa kilikuwa na gamba: uduvi wa baridi na kaa wa theluji. Kaa huyu ana miguu mirefu kama ya buibui, hukaa kwenye maji yanayokaribia kuganda, na huvuliwa dume tu, lenye gamba la upana usiopungua milimita 95.

Hapa ndipo nilipokuta jambo nililokuwa nikilitafuta tangu Portland bila kujua. Kwa sheria ya mkoa huu, msimu hauanzi na bei ya siri. Chama cha wafanyakazi wa uvuvi na umoja wa wasindikaji hukaa mezani. Wakishindwana, kila upande hupeleka pendekezo lake kwenye jopo la bei, na jopo hutangaza bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi yeyote lazima ailipe. Mvuvi anaijua kabla hajaifungua boti yake gatini.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wakati wa korona Wamarekani waliofungiwa majumbani walinunua miguu ya kaa kama hawatakula tena. Machi 2022 Marekani ikapiga marufuku samaki na mazao mengine ya bahari kutoka Urusi, na kaa wa Urusi walikuwa wengi sokoni mwao. Bei ya kuanzia msimu wa 2022 hapa ikawa dola 7.60 za Kanada kwa ratili. Watu walinunua maboti mapya kwa mikopo. Mwezi Oktoba mwaka ule Alaska nayo ikafunga uvuvi wa kaa wa theluji kwa mara ya kwanza katika historia yake, baada ya mabilioni ya kaa kufa kwenye joto la Bahari ya Bering. Mtu yeyote angesema bei itapaa: Urusi hayupo, Alaska hayupo.

Msimu wa 2023 jopo lilitangaza dola 2.20.

Wanunuzi Marekani walikuwa bado na maghala ya baridi yamejaa kaa walionunuliwa kwa bei ya juu, na walaji, maisha yalipopanda, waliacha kula kaa. Kaa wa Urusi walihamia Japani na China kwa bei rahisi, kwa hiyo hata huko mlango ulikuwa mwembamba. Wavuvi wa Newfoundland waliyafunga maboti. Walikaa karibu wiki sita bila kutoka.

Jumamosi, 14 Juni. Petty Harbour

Dakika ishirini kutoka mjini, kijiji kati ya vilima viwili, na nje ya mlango wa bandari siwa la barafu limesimama jeupe kama msikiti. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilimtumia baba picha akadhani ni mlima.

Boti moja ilikuwa ikishusha kaa. Mwenye boti, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, alinipa kikombe cha chai bandani mwake bila kuniuliza ninatoka wapi. Ukutani kulikuwa na karatasi iliyochapwa, imeanza kuwa rangi ya njano: uamuzi wa bei wa 2023. Namba 2.20 imezungushiwa wino.

Nikaomba ruhusa, nikaipiga picha, nikaituma Kizingitini. Huko ilikuwa jioni. Mdogo wangu alikuwa nyumbani, maana ni kusi, bahari imechafuka na hakuna anayezamia. Miezi hii ndiyo deni hukua. Alimsomea baba karatasi yote. Halafu ikaja sauti ya baba:

"Hao waliokaa wiki sita hawakwenda baharini, walikula nini?"

Nilimtafsiria yule bwana. Alifikiri. Akasema mkewe ni muuguzi, walikula mshahara wake. Jirani yake hakuwa na mke muuguzi, akala akiba ya mwanawe ya chuo. Kisha wakatoka baharini kwa ile ile 2.20, pamoja na ahadi ya kuongezwa soko likipanda. Aliniangalia akasema, "Mwambie baba yako hatukushinda. Lakini mwaka uliofuata, tuliposimama kwenye ngazi zile, kila mtu alijua kuwa tunaweza kukaa." Mwaka 2024 walipata walichokuwa wakikidai: ruhusa ya kuwauzia wanunuzi wa nje ya mkoa, na kanuni ya kupanga bei kwa kufuata soko, ili mlaji akilipa zaidi kule, mvuvi aongezwe huku.

Nilimtumia baba majibu hayo. Aliyejibu safari hii ni mdogo wangu.

"Kaka, hiyo karatasi iandike kwa Kiswahili. Si bei, bei ni ya kwao. Andika vile walivyokaa, nani alikaa na nani, nani alikuwa katikati. Kuna mkutano wa BMU, chama chetu cha wavuvi wa ufukweni, kabla kaskazi haijaanza, nataka niisome mbele ya watu."

Chai imepoa. Yule bwana amerudi kwenye boti yake kuosha sitaha, ameniachia banda na kalamu ya risasi. Nimegeuza daftari upande wa nyuma, ambako hakuna namba, na nimeanza: Wavuvi wa bandari zote walikubaliana siku moja ya kutotoka, kabla hawajamwambia mnunuzi.